Maksi za mwanao si habari za barazani

Chukulia matokeo ya muhula yamebandikwa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu: jina, maksi za kila somo, jumla, nafasi. Mzazi mmoja anapiga picha na kuirusha kwenye gurupu la WhatsApp la shehia. Kabla ya adhuhuri imeshafika Unguja na Maskati, na jioni wanywa kahawa wa Wete wanajua mtoto wa nani kashika mkia. Mtoto mwenyewe bado hajapata ujasiri wa kumwambia bibi yake.

Je, kuna haki iliyovunjwa? Kwa mtu wa Pemba, jibu linaanza na swali jengine: karatasi hiyo ni ya nani?

Sheria mbili juu ya mtoto mmoja

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Inazihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti. Inampa mhusika haki ya kujua taarifa zake zinatumikaje, kuziona, kutaka zisahihishwe, kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kudai fidia. Mtu anayezitoa kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini ya kuanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20, kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili.

Lakini sheria hiyo haiyagusi mambo ya Zanzibar yasiyo ya Muungano, na elimu ya msingi na sekondari ni mojawapo. Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, na elimu ya juu vimo katika orodha ya Muungano. Kwa hivyo matokeo ya Kidato cha Pili, yanayosimamiwa na Baraza la Mitihani la Zanzibar, na ripoti ya muhula viko nje ya sheria hiyo. Matokeo ya Kidato cha Nne na cha Sita, pamoja na rekodi za chuo kikuu, viko ndani yake.

Hii haina maana kwamba ripoti ya muhula ni mali ya umma. Kifungu cha 15 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinalinda maisha binafsi ya kila mtu, na Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inataka ustawi wa mtoto utangulizwe. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mwalimu ndiye kata, naye hana ruhusa ya kuimwaga njiani.

Namba badala ya jina

NECTA inapotangaza matokeo ya Kidato cha Nne, orodha huonesha namba ya mtahiniwa, jinsia, daraja na masomo, jina halimo. Skuli nayo inaweza kubandika namba, au kumkabidhi kila mzazi ripoti mkononi. Lakini anayeijua namba ya mwanao ameshayaona matokeo yake. Usiigawe ovyo.

Kenya imekwenda mbali zaidi. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza Roma School ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Hizo zilikuwa picha tu, hata maksi hazikuwamo.

Ufanye nini?

*Uliza kabla.* Mkutano wa wazazi ndio mahali pake: matokeo yatatolewaje, na nani ana ruhusa ya kuyatuma kwenye gurupu?

*Kagua jina mapema.* Kabla usajili wa mtihani haujafungwa, linganisha jina na tarehe na cheti cha kuzaliwa. Khamis wa cheti na Hamisi wa mtihani ni watu wawili machoni pa mwajiri, na kurekebisha baadaye ni safari ndefu.

*Andika barua.* Rekodi ikivuja, mwandikie mwalimu mkuu: nini kilitolewa, lini, wapi, na unataka nini kifanyike. Baki na nakala na picha ya ujumbe uliosambazwa. Usipojibiwa, panda kwenye ofisi ya Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, Chake Chake. Kama rekodi ni ya NECTA au chuo kikuu, mlango wa Tume uko wazi.

*Tafuta msaada.* Msaidizi wa sheria wa eneo lako na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, ambacho kina ofisi Chake Chake, wanaweza kukusaidia kuiandika barua hiyo.

Kumbuka pia kwamba mwanao akitimiza miaka 18, haki hizi ni zake mwenyewe. Mzazi anayetaka kuona maksi za chuo kikuu anamuomba mwanawe kwanza, hata kama ada kalipa yeye.

Na siku utakapoikuta orodha ukutani, ziba kwa viganja mistari ya juu na ya chini, upige picha ya mstari wa mwanao tu.