SOMO LETU: NENO "KOPA"



Leo tujifunze neno moja dogo: kopa. Lina herufi 4 na silabi 2, ko-pa. Soma sentensi hizi polepole, kwa sauti.

1. Nimekopa kilo 2 za sukari dukani, nitalipa Ijumaa.
2. Shangazi ameanika makopa juani.
3. Tulipocheza karata, mimi nilitoa kopa.

Katika sentensi ya 1, kukopa ni kuchukua kitu kwa ahadi ya kulipa baadaye. Katika sentensi ya 2, kopa ni kipande cha muhogo uliomenywa na kukaushwa. Vikiwa vingi ni makopa. Katika sentensi ya 3, kopa ni karata yenye alama ya moyo mwekundu. Maneno yaliyo jirani ndiyo yanayotuonyesha maana.

Yapo pia maneno yanayokaribiana nalo kwa sauti: kopo, kope, kobe. Kwa mfano: Kobe amejificha nyuma ya kopo. Ukikosea herufi moja tu, maana inapotea.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Tuseme mzee mmoja aliandika hivi katika daftari lake:

Nimemkopa shemeji madebe 3 ya mahindi.

Mzee akafariki. Watoto wakasoma, wakaenda kumdai mjomba wao. Mjomba akashangaa: "Jamani wanangu, baba yenu ndiye aliyekuja kukopa kwangu!" Nani mkweli? Daftari halisemi. Tukizungumza, wengine husema "nimemkopa" wakiwa na maana ya kuchukua kwake. Wengine wana maana ya kumpa. Aliyeandika angekuwapo tungemwuliza. Basi hayupo, na ndugu wamenuniana.

Shika hili: aliyechukua amekopa, aliyetoa amekopesha. Ukiandika deni, andika hivi:

Mimi (jina) nimekopa madebe 3 ya mahindi kutoka kwa (jina), leo tarehe (siku, mwezi, mwaka). Nitarudisha madebe 3 ifikapo tarehe (siku, mwezi, mwaka).
Sahihi ya aliyekopa.
Sahihi ya aliyekopesha.
Sahihi ya shahidi.

Andikeni karatasi 2, kila mmoja abaki na yake. Usione haya kumwandikia ndugu yako. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Maandishi mazuri hupunguza hayo matanga.

ZOEZI
1. Tunga sentensi 3 zenye neno kopa, kila moja kwa maana yake.
2. Jaza pengo kwa amekopa au amekopesha: Mwenye duka ______ sabuni, mteja atalipa kesho.
3. Jembe hatulikopi, tunaliazima, maana hurudi lilelile. Soma: "Jirani kaniazima jembe." Je, jembe liko kwa nani? Jadilianeni nyumbani, kisha iandikeni upya sentensi hiyo, pasiwe na mtu wa kuuliza tena.