Kinga Barabarani, Miguu Kwenye Trotwari

Wewe mtumishi, na bibi yako nyumbani, mnajua toleka. Kwa Kilingala ni kusema "tupite". Wakati wa vita, mwisho wa miaka ya 1990, petroli ilipokuwa haba Kisangani, kinga hizo zenye kiti cha sponji nyuma zilibeba watu na mizigo. Leo pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya kazi yao, lakini wengi wetu tungali na kinga nyumbani.

Sheria namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978 inahesabu kinga kuwa chombo cha barabarani. Nafasi yake ni upande wa kuume. Trotwari ni ya watu wa miguu. Ukitaka kupita pale, shuka, usukume kwa mikono.

Utanijibu: "Lakini muganga, malori ya Makiso yataniua!" Nakuelewa. Walakini tazama trotwari yenyewe: mama amepanga kwanga zake, mzee anatoka dukani bila kutazama pembeni, motokari inatoka kwenye lango. Na kinga haina mlio. Kwa mwendo wa kilometa 15 kwa saa unapita metre 4 kila segonde. Kabla vidole havijakaza freni, umekwisha kumgonga mtu. Mvua ikinyesha, na kwetu karibu na ikweta hainyimi mwezi wo wote, mpira wa freni unateleza tu. Penye malori mengi, shuka utembee.

Kofia ya mgodini? Ilitengenezwa kwa mawe yanayotoka juu, si kwa kichwa kinachoanguka ubavu.

Mama, ukipakia mtoto nyuma, chunga miguu yake. Kisigino kikiingia katika vyuma vyembamba vya gurudumu, siku ya kwanza kidonda kinaonekana kidogo. Siku zinazofuata ngozi inaweza kugeuka nyeusi na kufa. Osha kwa maji safi na sabuni, funika kwa kitambaa safi. Usipake udongo wala mafuta ya mashine. Mlete dispansari siku ile ile, pamoja na karatasi yake ya chanjo, sababu ya pepopunda.

Aliyegonga kichwa, hata akicheka, msimwache peke yake usiku. Akitapika, akisinzia kupita kawaida, akisema maneno yasiyoshikamana, au damu ama maji yakitoka sikioni, mpelekeni hospitali saa ile ile, mkamwambie muganga saa aliyoanguka.