Selimundu Kazini: Maswali kwa Daktari

Zamani watoto wengi wenye selimundu hawakufikia umri wa kuajiriwa. Leo wanafika, wanasoma, wanapata kazi, na furaha ninayoipata kuwaona wakija kliniki na vitambulisho vya ofisi shingoni siwezi kuificha. Ila maswali yao sasa ni mengine. Haya ni baadhi.

Daktari, mimi ni karani wa dirishani katika benki, Mwanza. Kazini hakuna anayejua nina selimundu. Wanaojua ni wenzangu wa kundi la WhatsApp la wenye selimundu tu. Nikibanwa nasema ni malaria. Niseme ukweli au ninyamaze?

Dada, mwambie mtu mmoja. Huna sababu ya kuitangazia ofisi nzima, lakini mmoja aliye karibu nawe lazima ajue.

Naifahamu kazi ya dirishani. Foleni haiishi, na kutoka ni mpaka apatikane wa kukushikia nafasi. Basi mtu anaacha kunywa maji tangu asubuhi ili asihangaike kwenda msalani, huku kiyoyozi kinampuliza mgongoni. Ikifika saa nane mchana, nyonga inawaka moto. Upungufu wa maji na baridi ndivyo vinavyozifanya chembe nyekundu zijikunje na kukwama kwenye mishipa midogo. Mwenzako akijua, atakupa nafasi ya kutoka dakika tano, na kiti chako kitahamishwa mbali na kile kiyoyozi.

Hiyo malaria ya kila mwezi nayo iache. Itakufanya uonekane mwongo, na siku utakayoanguka, watakupeleka zahanati ya jirani wakieleza ugonjwa usio wako. Mwambie mwenzako huyo hivi: "Nina selimundu. Ukiniona nimeshindwa kusimama, nipe maji, nifunike, mpigie dada yangu, nipelekwe hospitali ninakotibiwa." Yatosha. Ukiamua kuwaeleza na watu wa utumishi, fahamu kwamba Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za afya yako zinahesabiwa kuwa taarifa nyeti. Si za kusimuliwa kantini.

Mume wangu anasema kundi linanimaliza bando na usingizi, tena hao si marafiki kwa sababu sijawahi kuwaona. Anasema kweli? (Mshonaji kiwandani, Morogoro)

Kuhusu usingizi anasema kweli; uchovu nao huamsha maumivu. Kuhusu urafiki, simuungi mkono.

Wagonjwa wangu wamenisikilizisha ujumbe wa sauti wanaotumiana usiku wa manane. Mtu yuko Morogoro analia kwa maumivu ya mapaja, na anayemjibu yuko Muscat, maana Oman nako selimundu imeenea na waongea Kiswahili ni wengi. Hamwulizi kama kweli anaumwa. Anamwuliza: umekunywa maji? Umejifunika? Homa ipo? Kwa mtu ambaye msimamizi wake anamwona mvivu, na ambaye hata wodini aliwahi kudhaniwa anadeka ili apewe sindano, kuaminiwa mara moja bila kujieleza ni msaada mkubwa. Mimi saa tisa usiku siwezi kumpa hilo.

Ila rafiki wa Muscat hawezi kukubeba. Ukiwa na homa inayofika nyuzi 38.5, kifua kikibana au pumzi ikikata, upande mmoja wa mwili ukilegea, ulimi ukiwa mzito, au macho yakififia ghafla, acha kuandika kwenye kundi na uende hospitali. Wanaume wasione haya: uume ukisimama wenyewe kwa maumivu zaidi ya saa mbili, nayo ni dharura.

Mmoja kundini ameacha haidroksiurea, anatumia mitishamba, anasema amepona. Nami niache?

Usiache. Dawa hiyo huongeza aina ya himoglobini tuliyozaliwa nayo, ambayo huzuia chembe zisijikunje. Kazi yake huonekana baada ya miezi, na madhara ya kuiacha nayo yanaweza kuchelewa, ndiyo maana mtu hujiona mzima wiki chache za mwanzo. Kipimo chake hufuata uzito na majibu ya damu yako. Usiazime vidonge vya mwenzako. Ukipanga kubeba mimba, tuongee kwanza. Tahadhari pia na diklofenaki inayopendekezwa sana kwenye makundi: figo za mwenye selimundu ni dhaifu.

Nina haki ya siku ngapi za kuumwa?

Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inatoa angalau siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Cheti cha daktari ni lazima, kwa hiyo kila karatasi ya mapumziko, ile mnayoiita ED, itunze, na nakala yake ipige picha. Kenya ni pungufu sana: baada ya miezi miwili ya kazi, angalau siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, kwa mwaka. Naona ni chache mno kwa mtu anayelazwa mara kwa mara.

Ukiachishwa kazi kwa sababu ya ugonjwa, usikae kundini ukifarijiwa mwezi mzima. Huku Bara, malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.

Mwenzetu alisema kifua kinabana, kisha akanyamaza siku tatu. Hatujui hata anakaa wapi. Tufanye nini? (Msimamizi wa kundi, Tanga)

Ndugu yangu, endelea kupiga simu, na waulize wanakundi mmoja mmoja kama kuna anayejua mtaa wake, kazi yake au kliniki yake. Kama kuna kiwanda au duka alilowahi kulitaja, mpigie mtu wa huko leo hii.

Kisha, kwa hao waliobaki, omba kila mmoja akutumie faraghani vitu vitatu: anakoishi, hospitali anakotibiwa, na namba ya ndugu au mwenzake wa kazini anayejua ugonjwa wake. Viandike kwenye daftari, visipostiwe kundini. Na kubalianeni kabisa: mtu akisema kifua kinabana, asipojibu simu ndani ya saa moja, hiyo namba inapigwa.