Kizunguzungu cha Kisogoni

Mdogo wangu wa Kisesa, unasema ukigeuza shingo haraka dunia inayumba, na umeshameza dawa ya malaria bila hata kupima. Acha hiyo dawa, tuongee kuhusu kisogo.

Juni, wakati wa sikukuu ya Bulabo, panda Bujora ukawatazame wacheza bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma. Jembe linarushwa juu, kichwa kinalala nyuma kulifuata, miguu haiachi ngoma. Sikio la ndani linajua kichwa kimelala. Halijui kama ni kichwa tu au mwili mzima unaanguka. Shingo ndiyo inayojua. Ile misuli midogo chini ya fuvu, pale kidole kinapozama, imejaa vihisio, na mishipa ya fahamu ya juu ya shingo hupeleka habari zake ubongoni zikalinganishwe na za sikio na macho. Mwaka 1977 watafiti waliwachoma watu sindano ya ganzi shingoni: masikio mazima, lakini wakapepesuka.

Ndoo ya maji unayobeba kichwani siilaumu sana. Wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu waliopimwa Kenya, matokeo yakatoka 1986, walibeba hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu za ziada. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni kilo 12, basi ndoo ya lita 20 jaza nusu, urudi tena kisimani. Ninayemshuku ni simu, kidevu kifuani mpaka usiku wa manane. Misuli ikikakamaa, habari inayotuma haikubaliani na ya sikio.

Na pale saluni, kinyozi akitaka kukuvunja shingo ilie “ka!”, kataa. Mishipa ya damu iendayo ubongoni inapita humo humo kwenye pingili. Ikichanika, inaweza kuleta kiharusi. Mimi namwambia anichane nywele tu, ananuna, basi.

Jaribu hili: kaa kitini, kazia macho kitasa cha mlango, geuza kichwa taratibu kulia na kushoto, macho yasibanduke. Dakika moja moja, kutwa mara kadhaa. Kizunguzungu kikizidi, acha.

Lakini zahanati uende kwanza, wakupime presha, wingi wa damu na masikio, maana shingo hutuhumiwa mwisho, mengine yakishaondolewa. Ukiona vitu viwili viwili, ulimi ukawa mzito, mkono ukafa ganzi au shingo ikauma ghafla kuliko kawaida, usingoje kesho: hospitali ya Bugando, usiku huo huo, na mtu wa kukusindikiza.