NENO 'PANGO': SOMO KUTOKA MLIMA ELGON

Likizo ya Agosti tulipanda Mlima Elgon, mimi, baba, mama na nyanya, kwenda kuliona pango la Kitum. Ndovu huingia humo usiku, gizani, na kukwangua kuta kwa pembe zao ili wapate chumvi. Alama zenyewe nilizigusa kwa mkono wangu.

Kitabuni nilikuwa nimesoma kwamba 'pango' lina maana mbili:

1. Shimo kubwa ndani ya mwamba au mlima. Mfano: Popo wamejaa pangoni.

2. Kodi ya nyumba. Mfano: Baba amelipa pango.

Nikamweleza nyanya, nikijifanya mwalimu. Akacheka sana. "Mjukuu wangu, wazee wetu Wasabaot walikaa katika mapango ya mlima huu pamoja na ng'ombe wao. Na hawakulipa pango!"

Halafu akanyamaza. Sehemu ya mlima ilifanywa mbuga ya taifa mwaka wa 1968, na asubuhi hiyo baba alilipa langoni ndipo nyanya akaingia. Niliona haya. Jioni nikaongeza daftarini:

3. Makao ya wazee wetu. Mfano: Nyanya amerudi pangoni.

Zoezi: Muulize nyanya au babu yako maana ya neno moja unalodhani unalijua. Litungie sentensi.