Mshipa wa Wengu Ukifura: Kutibu Bila Kupasua Tumbo

Somo letu safari hii ni la ugonjwa usioonekana mara nyingi, lakini ukija hauna mzaha. Mtatuuliza, ya nini kujifunza ugonjwa adimu? Ni kwa sababu wanaoupata zaidi ni kina mama, hasa waliozaa mara nyingi, na hao ndio wanaojaza vikundi vyetu.

Chukueni tyubu ya baiskeli. Pale ilipochakaa, ukijaza upepo, panafura. Mshipa unaopeleka damu kwa wengu, upande wa kushoto chini ya mbavu, nao huweza kudhoofika ukafura hivyo. Mimba huongeza damu mwilini na kulegeza kuta za mishipa. Wenye ini lililokakamaa pia wako hatarini, hata kama chanzo ni kichocho cha tumbo cha muda mrefu. Wenzetu wa Mwea na kandokando ya Ziwa Victoria wanakijua.

Mara nyingi uvimbe huu hauumi. Hugunduliwa kwa bahati tu, mtu akipigwa picha kwa shida nyingine. Kwa mama mjamzito, ukipasuka, mara nyingi ni katika miezi 3 ya mwisho. Maumivu huja ghafla chini ya mbavu za kushoto, pengine yakapanda hadi begani, kisha jasho baridi na kuzirai.

Hapa ndipo tunapokosea. Wako wanaozirai, halafu wakapata nafuu kwa saa kadhaa, hata siku, kwa kuwa damu imezuiliwa kwanza katika nafasi ndogo nyuma ya mfuko wa chakula. Nyumbani tunasema ni kichomi, mpeni chai alale. Kumbe nafuu hiyo ndiyo nafasi ya kumfikisha hospitali! Damu ikimwagika mara ya pili, mama na mtoto huwa hatarini kabisa.

Uvimbe ukigunduliwa mapema, mara nyingi si lazima kupasua tumbo. Mwaka 1953 daktari wa Sweden, Sven-Ivar Seldinger, alieleza njia ya kuingia mshipani: sindano kwanza, waya ndani yake, sindano hutolewa, kisha mpira mwembamba hupitishwa juu ya waya. Leo daktari hutia ganzi kwenye kinena, huusukuma mpira huo hadi kwenye mshipa wa wengu akiangalia eksirei, kisha huacha hapo nyaya ndogo zilizojiviringa. Damu huganda juu yake na uvimbe huzibwa. Wengu hauachwi mkavu, maana una mishipa mingine midogo. Hata hivyo, sehemu yake yaweza kufa, ikaleta maumivu na homa kwa siku chache, na lazima mtu arudi kupigwa picha.

Uvimbe unaozidi sentimita 3 kwa kawaida hutibiwa. Kwa mama ambaye bado anaweza kuzaa, hushauriwa kutibu hata ukiwa mdogo. Kazi hii haifanyiki zahanati, ni ya hospitali kubwa. Na kama umekwisha kupasuka na mama amezidiwa, mara nyingi ni kupasua tu, haraka, na damu ya kuongezwa iwe tayari.

Mkikutana, jadilini: usiku wa manane mama mjamzito akizirai kisha akaamka akisema yuko sawa, nani ataamua aende? Gari ni la nani? Na pesa za dharura, je, mweka hazina akiwa amesafiri, ziko kwa nani?