Ujirani au urika? Jinsi watoa huduma wa intaneti wanavyopeana njia

Uko Lubumbashi. Unafungua ukurasa uliowekwa kwenye kompyuta ya ofisi iliyo ng'ambo ya barabara. Ombi lako linapita wapi? Wengi wa wanafunzi wenzangu hujibu: linavuka barabara. Huenda kweli, lakini huenda pia likafika London kwanza. Nitaeleza sababu, kisha nitatetea neno moja.

Neno mtandao linatokana na kutanda, na linatufanya tuone kitambaa kimoja kilichotandazwa juu ya dunia. Kwa kweli intaneti ni mitandao mingi sana, kila mmoja na mwenyewe, na kila mmoja na namba yake. Barani Afrika namba hizo hutolewa na AFRINIC. Kinachoiunganisha ni itifaki, na hapa Kiswahili kimepata bahati, maana itifaki kwa asili yake ya Kiarabu ni mapatano. Ile inayotumiwa na mitandao kuambiana njia, BGP, ilibuniwa mwaka 1989, na toleo lake la nne ndilo linalotumika hadi leo. Kwa itifaki hiyo kila ruta huwatangazia wenzake: anwani hizi zinafikika kupitia kwangu.

Sasa, mtoa huduma hupata njia kwa namna mbili. Ya kwanza ni kununua: anamlipa mtandao mkubwa zaidi umpelekee data kokote duniani. Ya pili ni kubadilishana: mitandao miwili inaunganisha waya, kila mmoja anapokea data inayowahusu wateja wake, na kwa kawaida hakuna anayemlipa mwenzake. Namna hii ya pili tuiiteje? Nimesikia ujirani. Neno zuri, ila halitoshi. Katika ruta, fundi huandika kila mtandao anaozungumza nao kuwa ni jirani, awe anamlipa, analipwa naye, au hakuna malipo. Ujirani hautofautishi. Napendekeza urika, kwa sababu wanarika ni watu walio sawa, na usawa ndio kiini cha mapatano haya.

Jina hili linasaidia hata kukumbuka kanuni ya kazi. Njia nilizopewa na mwanarika nawatangazia wateja wangu tu. Siwatangazii wanarika wengine, wala yule ninayemlipa. Nikikosea, data ya wageni itaanza kupita kwangu bila malipo, na waya wangu mwembamba utazibika.

Turudi barabarani. Ikiwa wewe na ile ofisi mna watoa huduma tofauti, na hao wawili hawana urika, ombi lako linapanda kwa wauzaji wao wa njia hadi pale wauzaji hao wanapokutana. Tuseme ni London, kama kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kwenda London na kurudi, kisha jibu nalo kwenda na kurudi, ni kilomita 30,000: milisekunde 150, bila kuhesabu mizunguko ya kebo. Kuchelewa huko kunavumilika. Gharama ndiyo inayouma, kwa kuwa njia ya kimataifa inalipiwa, na mlipaji wa mwisho ni mwanafunzi anayenunua megabaiti.

Dawa ni kituo cha kubadilishana: swichi moja mjini ambako kila mtoa huduma analeta waya wake. Nairobi walifungua chao, KIXP, mwishoni mwa mwaka 2000. Kampuni ya Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya mawasiliano ya kimataifa, ililalamika, na kituo kikafungwa baada ya wiki chache. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Mabishano yalikuwa, kwa sehemu kubwa, juu ya jina: je, hii ni biashara ya kusafirisha mawasiliano, au ni kundi la watu wanaopeana vyao wenyewe? Anayedhani istilahi ni mapambo aifikirie miezi hiyo yote. Kinshasa ilipata KINIX mwaka 2012. Goma na Lubumbashi zikafuata. Lakini kituo hakimfaidii mtoa huduma asiyeleta waya wake pale.

Mnaweza kupima wenyewe. Kwenye kompyuta ya Windows andikeni tracert, kisha jina la tovuti mnayojua iko mjini kwenu. Kila pakiti hupewa umri. Kila ruta inapunguza moja, na ule ukifika sifuri ruta hiyo huitupa pakiti na kurudisha taarifa. Programu hutuma pakiti yenye umri wa 1, halafu 2, halafu 3, na hivyo ruta za njiani hujitaja moja baada ya nyingine. Msishtuke mkiona nyota: baadhi ya ruta hunyamaza. Tazameni muda. Ukiwa milisekunde 8, kisha 11, kisha ghafla 170 na kubaki hapo hadi mwisho, ombi lenu limetoka nchini.